Uhakiki wa Sentensi Moja Juu ya Nyota

Uhakiki ni mizani. Lakini mwenye mizani hapimi bidhaa za wengine tu. Siku moja hupaswa kuipima na mizani yenyewe, aone kama haikupinda. Katika insha hii nataka kupima sentensi moja fupi, yenye maneno matano, iliyoandikwa na mwanafunzi wangu. Kisha nitaipima kalamu nyekundu niliyoikatia sentensi hiyo.

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Lavington, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi. Mwaka 2023 niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kuandika juu ya asili ya majina. Wengi walichagua majina ya mitaa, mito na milima. Msichana mmoja mtulivu, mwenye desturi ya kuketi nyuma, alichagua majina ambayo nchi yetu imeyapeleka mbinguni. Alieleza ya kuwa mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulizipa nchi zaidi ya 100 nafasi ya kutaja kila moja nyota yake na sayari yake, na Kenya ikatoa maneno mawili ya Kijaluo: Kalausi, yaani upepo mkali uzungukao kama nguzo, likawa jina la nyota, na Buru, yaani vumbi, likawa jina la sayari iizungukayo. Akaendelea kueleza ya kuwa Juni 2023 yalitangazwa majina mengine mawili kutoka Kenya, safari hii ya Kimaasai: nyota Orkaria, yaani udongo mwekundu wa kujipaka, na sayari Enaiposha, yaani maji makubwa, neno ambalo ndilo asili ya jina la ziwa Naivasha.

Insha ilikuwa safi, nayo ilimalizika kwa maneno haya: "Kila nyota uionayo ina sayari." Nilipofika hapo niliipiga mstari mwekundu, nikaandika pambizoni: "Chuku. Nani amehesabu?" Nikapunguza alama tatu. Insha tatu zilizo bora zilikuwa zipelekwe katika mashindano ya shule mbalimbali. Kwa sababu ya alama zile tatu, yake ikawa ya nne. Wiki moja baada ya insha kupelekwa, msichana alinijia akiwa na daftari mkononi. "Samahani, Mwalimu," alisema, "uliuliza ni nani amehesabu. Wapo waliohesabu."

Sikuwa na jibu. Niliomba anipe muda, nikaenda kusoma. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, na hukumu niliyoifikia baada ya kulipima kila neno.

Kwanza yatupasa tujue hesabu hiyo hufanywaje. Sayari haina mwanga wake yenyewe, nayo hukaa karibu mno na nyota ing'aayo. Kuitafuta kwa macho ni kama kumtafuta mdudu aliyetua juu ya taa ya barabarani. Kwa hiyo wanafalaki aghalabu hawaitazami sayari, bali huitazama nyota.

Njia ya kwanza ni ya kuyumba. Mzazi amshikaye mtoto mikono na kumzungusha hewani hawezi kusimama wima kabisa. Naye huyumba kidogo. Mtu aliye mbali gizani, asiyemwona mtoto, angeweza kujua kwa kuyumba kwa mzazi ya kuwa mtoto yupo, na hata kukisia uzito wake. Ndivyo Michel Mayor na Didier Queloz walivyotambua, mwaka 1995, sayari ya kwanza kujulikana kuwa yaizunguka nyota iliyo mfano wa Jua letu. Na mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Nobel. Buru nayo ilitambuliwa kwa njia hiyo, mwaka 2000. Ni rahisi kuona udhaifu wa njia hii: mtoto mzito humyumbisha mzazi zaidi kuliko mtoto mwepesi. Hivyo sayari kubwa zilizo karibu na nyota zao ndizo zilizotangulia kuonekana.

Njia ya pili ni ya kupita mbele. Sayari ikipita kati ya nyota yake na sisi, mwanga wa nyota hupungua kidogo, kisha hurudi kama ulivyokuwa. Enaiposha ilitambuliwa hivyo mwaka 2009. Lakini sayari nyingi hazipiti mbele ya nyota zao machoni petu, kwa kuwa njia zake zimeelekea kwingine. Zitahesabiwaje zisizoonekana?

Mfano tunao mtaani kwetu. Lavington ni mtaa wa nyua ndefu; mwenda kwa miguu katika barabara ya Gitanga huona michongoma na kuta kuliko aonavyo nyumba. Tuseme mtu apita hapo akitaka kujua pana nyumba ngapi nyuma ya nyua hizo. Tuseme tena ya kuwa vijia vya kuingilia vimeelekea pande zote bila mpango, na kwamba ni vichache tu vilivyonyooka sawasawa na macho yake hata akaona mlango wa nyumba. Akiona milango mitatu akasema, "Hapa pana nyumba tatu," atachekwa. Lakini akijua kwa hesabu ya pembe ya kuwa katika vijia 200 ni kimoja tu kiwezacho kumwelekea, basi kila mlango aliouona utasimama badala ya nyumba 200, naye atasema, "Hapa pana nyumba kama 600." Hajaziona, lakini hakubuni.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wanafalaki. Sayari iliyo mbali na nyota yake kama Dunia ilivyo mbali na Jua ina nafasi kama 1 katika 200 ya kupita mbele ya nyota hiyo tukiitazama. Iliyo karibu kama Buru ina nafasi kama 1 katika 10. Kila moja huzidishwa kwa kadiri yake. Kisha huongezwa marekebisho ya pili, kwa ajili ya zile zilizopita lakini kwa udogo wake hazikutambuliwa. Maana Dunia ikipita mbele ya Jua hupunguza mwanga wake kwa chini ya sehemu 1 katika 10,000. Ili kazi hii ifanyike vyema, Marekani ilirusha chombo Kepler mwezi wa Machi 2009, nacho kikakodolea macho nyota zaidi ya 150,000 kwa muda wa miaka minne bila kugeuka kutazama kwingine.

Sasa turudi kwenye sentensi ya msichana, tuipime neno kwa neno.

Neno la kwanza ni "kila". Mwaka 2012 kundi la wanafalaki lililoongozwa na Arnaud Cassan, likitumia njia ya tatu inayotegemea jinsi uzito wa nyota na sayari upindavyo mwanga utokao nyuma yake, lilitoa hesabu ya kundi letu zima la nyota. Walipata wastani wa sayari 1.6 kwa kila nyota, na kwa mipaka ya shaka yao wastani huo waweza kuwa kama 0.7 au kama 2.3. Wala hawakuhesabu sayari ndogo kama Dunia, wala zilizo karibu sana na nyota zao. Basi msichana alisema kweli ya kuwa wapo waliohesabu, na mimi nilikosea kuyaita maneno yake chuku. Lakini "wastani" si "kila". Darasa la watu 40 likiletewa chapati 64, wastani ni chapati 1.6 kwa kila mtu. Hata hivyo wastani haumshibishi aliyekosa. Jua letu lina sayari 8. Yamkini nyota nyingine haina hata moja, na hesabu ya jumla isiharibike. Neno "kila" limebeba mzigo usio wake. Katika neno hili kosa ni la mwandishi, ingawa ni kosa dogo kuliko la msahihishaji.

Neno la pili ni "uionayo". Neno hili sikulitia alama yoyote, nami naona haya kwa kuwa hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu, nikatoka uani, nikaona nyota nyingi ambazo mianga ya mji huzificha. Nilidhani nazitazama nyota za kawaida. La! Takriban robo tatu ya nyota zote ni nyota ndogo nyekundu, wala hakuna hata moja katika hizo iwezayo kuonekana kwa macho matupu, kuwe na umeme au kusiwe. Orkaria ni mojawapo; upana wake ni kama moja ya tano ya upana wa Jua, na ijapokuwa mwanga wake hutufikia kwa miaka 48 tu, ni hafifu mno. Kalausi nayo haionekani bila darubini, kwa ajili ya umbali wake wa miaka kama 134 ya nuru. Na mwaka 2015 Courtney Dressing na David Charbonneau walikadiria ya kuwa kila nyota nyekundu ndogo ina wastani wa sayari 2.5 zenye upana kati ya mara 1 na mara 4 ya upana wa Dunia, ambazo mwaka wake haufiki siku 200. Maana yake, makazi makubwa ya sayari yako kwenye nyota tusizoziona. Sentensi ilipaswa kusema "hata zile usizoziona".

Hapa yafaa kuyatazama tena majina yetu, maana yana funzo. Buru ina uzito kama mara 0.4 ya uzito wa Mshtarii, yaani zaidi ya Zohali, nayo hulizunguka jua lake kwa muda usiotimia siku tatu. Sayari za namna hiyo ndizo zilizoonekana mapema, hata watu wakaanza kudhani mbingu zimejaa majitu ya moto. Hesabu ilipofanywa kwa haki, ilionekana ya kuwa katika nyota 100 zilizo mfano wa Jua, nyota 1 tu, au hata chini yake, ina sayari kama hiyo. Kinyume chake, Enaiposha, yenye upana kama mara 2.7 ya upana wa Dunia, ni ya jamii iliyo nyingi mno, yaani jamii ya sayari zilizo kati ya Dunia na Neptuni kwa ukubwa. Ajabu ni kwamba Jua letu halina sayari hata moja ya ukubwa huo. Kwa hiyo kilichotangulia kuonekana kilikuwa adimu, na kilicho kingi hakimo nyumbani mwetu. Mtu angeikadiria mbingu kwa kilicho karibu naye, au kwa kilichomtokea kwanza, angekosea mara mbili.

Neno la tatu ni "ina". Ni neno fupi, lakini latoa ushahidi: lasema kitu kipo. Hapa Kalausi yenyewe ina kisa. Mwaka 2000, pamoja na habari za sayari tuiitayo Buru, ilitangazwa ya kuwa nyota hiyo ina sayari ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, imalizayo mzunguko wake kwa muda usiotimia siku 30. Wengi waliifurahia. Mwaka 2002 kundi jingine la wanafalaki, wakitumia vyombo vyao, walitafuta sayari hiyo wasiione. Mwaka 2004 wale wale walioitangaza walichapisha vipimo vipya, wakakiri ya kuwa dalili yake imetoweka. Sayari ya pili ikafutwa katika orodha. Lakini kazi ya kuipima nyota ile haikukoma, na mwaka 2022 ikatangazwa ya kuwa Kalausi ina sayari ya pili kweli. Hii ni kubwa kuliko Mshtarii, iko mbali na nyota yake, njia yake imerefuka kama yai, na mzunguko wake mmoja huchukua kama miaka 22. Isingaliweza kujulikana mwaka 2000, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitazama nyota hiyo muda wa kutosha.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu mwepesi wa kusema angeshangilia hapa na kudai ya kuwa wale wa mwaka 2000 walikuwa na haki tangu mwanzo. Lakini mhakiki hana budi kumzuia. Sayari iliyosemwa haikuwapo, na haikuja. Iliyokuja ni nyingine, isiyofanana nayo kwa uzito wala kwa mwendo. Anayesema mgeni atatoka Mombasa Jumatatu hawi mkweli kwa sababu mgeni mwingine ametoka Kisumu Ijumaa. Hata hivyo naona heshima kubwa katika kisa hiki, nayo ni ya wale waliochapisha kwa mikono yao wenyewe habari ya kosa lao. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda, nikalikumbuka daftari la msichana lililokuwa juu ya meza yangu.

Neno la mwisho ni "sayari". Wengi wetu tukilisikia twafikiri juu ya Dunia: maji, majani, upepo wa asubuhi. Jina Enaiposha laweza kutuongezea njozi hiyo, kwa kuwa aliyeona Naivasha atakumbuka viboko na ndege. Wapo wanafalaki waliopendekeza ya kuwa huenda sayari hiyo ina maji mengi. Lakini imefunikwa na utusitusi mzito, na vipimo vilivyotolewa mwaka 2023 kwa darubini James Webb vilionyesha joto la upande wake wa mchana kuwa kama nyuzi 280 za Selsiasi. Hapo hapawezi kuwa na ziwa. Jina ni zuri, nami nalipenda. Ila jina ni la sisi tulioliita, si sifa ya kitu kilichoitwa.

Na je, sayari zilizo mfano wa Dunia, zenye joto la kuruhusu maji kukaa kimiminika, ni ngapi? Hesabu moja ya mwaka 2013 ilizikadiria kuwa 22 kwa kila nyota 100 zilizo mfano wa Jua. Hesabu nyingine ya mwaka 2020, ikitumia maelezo yaliyo tofauti kidogo juu ya ukubwa na joto, ilizikadiria kuwa kati ya 37 na 60 kwa nyota 100. Na mipaka ya shaka iliyoandikwa kando yake ilianzia 16 ikafika 150. Tofauti hiyo isikufanye uwadharau waliohesabu. Sayari kama Dunia hupita mbele ya jua lake mara moja tu kwa mwaka. Kepler alihitaji aione ikipita mara tatu, na magurudumu yake ya kumshikilia yalikuwa yameharibika kufikia mwaka 2013, kabla hajakusanya za kutosha. Hesabu yenye mipaka mipana iliyotajwa waziwazi ni ya kweli kuliko tarakimu moja iliyonyooka isiyo na mwenyewe.

Sasa hukumu. Septemba 2025 idadi ya sayari zilizothibitishwa nje ya jamii ya Jua letu ilipita 6,000. Nyota za kundi letu ni zaidi ya bilioni 100. Kwa hiyo karibu yote tusemayo juu ya wingi wa sayari ni makadirio, na thamani ya kadirio yategemea jinsi mhesabuji alivyowakumbuka wale asiowaona. Kwa kipimo hiki, sentensi ya msichana ina makosa mawili ya maneno, "kila" na "uionayo", lakini kiini chake ni kweli: kuwa na sayari ni desturi ya nyota, si bahati ya Jua letu peke yake. Mstari wangu mwekundu ulikuwa na kosa moja tu, lakini lilikuwa la kiini.

Nilimwita msichana mbele ya darasa, nikayaeleza haya yote, nikamrudishia alama mbili kati ya tatu. Nikaandika ubaoni sentensi niliyoona yafaa: "Kwa wastani, nyota za kundi letu, hata zile tusizoweza kuziona, hukadiriwa kuwa na sayari moja au zaidi." Aliisoma polepole. "Ni sahihi, Mwalimu," alisema, "lakini ni ndefu." Darasa likacheka, nami nikacheka. Nafasi ya mashindano ilikuwa imekwisha kupita; hiyo sikuweza kumrudishia.

Wasomaji vijana, swali nililoliandika pambizoni lilikuwa swali zuri. "Nani amehesabu?" ndilo swali la kwanza la kumwuliza mtu yeyote aletaye tarakimu, awe mwanafalaki, mfanyabiashara au mgombea uchaguzi, na la pili ni "Ni nani ambao hawakuweza kuonekana alipokuwa akihesabu?" Lakini mimi sikuliuliza ili nijibiwe, nililiuliza ili kunyamazisha. Mwanafunzi wangu alilichukua kama swali, akaenda kutafuta jibu. Yeye ndiye aliyekuwa mhakiki.